Alichokiona Baba Kule Fourteen Falls

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, mtoto wa mdogo wangu Wanja, alinitumia video kutoka maporomoko ya Fourteen Falls. Alikuwa ameenda huko na wenzake wa chuo. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu hapa Mwihoko, nimesimama jikoni nikingoja chai ichemke. Simu nilikuwa nimeizima sauti tangu asubuhi kanisani nikasahau kuirudisha, kwa hivyo nilipofungua ile video, maji yalianguka kimya. Maji yenye rangi ya udongo yalimwagika juu ya mawe meusi, vijana wakacheka midomo wazi, na hapakuwa na sauti hata moja. Niliitazama mara nne. Ningeongeza sauti kwa kidole tu, lakini sikuongeza. Chai ikafurika ikamwagika kwenye jiko nami bado nimeshika simu, kwa sababu nilikuwa nimepaona mahali pale kama alivyopaona baba. Baba hayupo tena. Sijui kama watoto wake tuliwahi kumwambia kwamba tulimwelewa, kwa hivyo naandika.

Tulikuwa tunaishi Kiganjo, Thika, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, na bomba moja la maji katikati. Tangu kabla sijazaliwa baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, seksheni ya kufuma. Alirudi jioni akiwa na vumbi la pamba kwenye nywele na nyusi, amezeeka kwa siku moja, na mama alimpangusa kwa kitambaa pale mlangoni kabla hajaingia ndani. Halafu kiwanda kikafungwa. Harufu ya mafuta ya mashine ilikaa kwenye koti lake miezi mingi baada ya kazi yenyewe kwisha, na mimi nilipenda kupita karibu na lile koti likiwa limetundikwa ukutani.

Kila asubuhi alitoka kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda vilivyobaki kutafuta kibarua. Watu walikuwa wakijiandikisha, kisha karani alitoka na karatasi na kuita majina ya waliohitajika siku hiyo. Baba alirudi saa tatu, saa nne, akavua viatu na kusema hakuna kazi. Siku moja nikiwa bombani nilimsikia Mama Ciku wa mlango wa nane akimwambia mwenzake, "Huyo ako na maringo. Bwana yangu anasema jana aliitwa jina mara tatu, akakaa tu hapo akiangalia mbele. Watu wanalala njaa na yeye anachagua kazi."

Nilibeba maji yangu nikaingia nyumbani. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka tisa, na tayari nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kumwogopa baba.

Sababu hiyo ilikuwa redio. Ilikuwa redio ndogo nyeusi yenye kamba ya kushikia. Zamani baba aliifungua kwa sauti kubwa sana mpaka majirani wakalalamika, na mama akamwomba awe anaiweka sikioni. Tangu hapo kila jioni aliketi kwenye kistuli pale mlangoni, redio ikiegemea sikio lake, akizungusha kitufe polepole. Jumamosi moja, nikiwa napangusa meza, niliisukuma kwa kiwiko ikatumbukia ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Niliitoa ikitiririka povu. Nilifungua nyuma, nikatoa betri, nikaianika juani nyuma ya choo mahali ambapo hakuna ambaye angeniona. Alasiri nilirudisha betri nikaiwasha. Haikulia. Hata mkwaruzo haikutoa. Niliirudisha mezani pale pale ilipokuwa, nikakaa kitandani kungoja kiboko.

Baba alikuja, akanawa miguu, akaichukua. Akaketi kwenye kistuli, akaiweka sikioni, akazungusha kitufe. Mimi nilikuwa ndani nimeshikilia ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda mrefu, mara moja moja akitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo, kisha akaizima na kusema, "Leo hakuna jipya." Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na siku iliyofuata.

Nililielewa jambo hilo kwa njia moja tu. Baba alijua. Alijua redio imekufa na alijua ni mimi niliyeiua, na kila jioni alikuwa akiishika mbele yangu ili niteseke, akingoja nikiri mwenyewe. Na kama nilihitaji ushahidi zaidi, niliupata. Nilipomletea chai nikasema nyuma yake, "Baba, chai," hakugeuka. Nilipomuuliza swali akiwa anafunga kamba za viatu hakujibu. Nikasema basi, ameamua kutoniongelesha. Nami, kwa hofu na kwa kiburi cha mtoto, nikaacha kumwongelesha. Nilikuwa naweka kikombe mbele yake na kuondoka. Hali hiyo ilidumu zaidi ya mwezi, na katika nyumba ya chumba kimoja, mwezi wa namna hiyo ni mrefu sana.

Wakati wa likizo ya Agosti, Mutua akaja sokoni kuuza mbaazi akamkuta mama kwenye meza yake ya sukuma wiki. Mutua alikuwa amefanya kazi na baba miaka mingi, mashine zao zikitazamana. Kiwanda kilipofungwa alirudi kwenye shamba la wazazi wake kule Kilimambogo. Alimwambia mama kwamba tuende tumtembelee, watoto wauone mlima na wanyama na yale maporomoko ya maji. "Na huyo bwana yako umlete," alisema. "Najua ameketi tu nyumbani akihesabu mabati."

Tulifika Jumamosi saa tatu asubuhi. Mutua alikuwa ametungoja kando ya barabara, mtu mfupi mwenye mabega mapana na koti la kijani. Aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. "Baba Njeri!" alipiga kelele, ingawa walikuwa wameshikana mikono. Nilimwona baba akimkazia macho usoni, kisha uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu kazi iishe. Niliona wivu. Nilijiuliza Mutua alikuwa na nini.

Tulianzia mlimani. Pale kwenye lango la mbuga palikuwa na askari, kijana mrefu mwenye bunduki begani na kofia iliyoshuka hadi machoni. Alikuwa ameinamia kitabu chake, na bila kuinua kichwa akauliza, "Mko wangapi, mzee?"

"Thika," baba akajibu. "Tumetoka Thika."

Askari akainua macho akacheka kidogo. Mutua akadakia haraka kwamba tuko watano. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Niliona haya kwa niaba ya baba, na hapo hapo nikaona haya kwa kuona haya.

Askari alipanda nasi kwa sababu ya mbogo. Alituambia tusipige kelele, na akisema simama, ni kusimama. Njia ilipinda ndani ya msitu wenye ubaridi, na harufu yake ilikuwa ya majani mabichi na mavi ya wanyama. Baba alitangulia mbele kama desturi yake, mikono nyuma, akitazama upande wa kulia, ambako miti ilipoachana uliweza kuiona nchi yote ya chini, mashamba ya mananasi na, mbali kabisa, Thika na mabomba yake ya moshi.

Baada ya kona moja askari akasema kwa sauti ya chini, "Simama."

Tulisimama. Baba hakusimama. Upande wa kushoto wa njia, hatua kama thelathini mbele yake, kitu nilichodhani ni jiwe kiliinua kichwa. Alikuwa mbogo dume, mzee, pembe zimejaa matope yaliyokauka. Askari akashusha bunduki kutoka begani. "Mzee! Simama!" alisema tena, safari hii kwa nguvu. Baba aliendelea kutembea polepole, akiitazama Thika.

Mama aliweka kikapu chini, akashika sketi yake, akakimbia kwa ncha za vidole. Alimfikia, akamshika koti kwa nyuma akavuta. Baba aligeuka. Alimtazama mama usoni kwanza, kisha akafuata mkono wake uliokuwa ukionyesha, na hapo ndipo alipomwona mnyama. Wote wawili wakaganda pale. Mbogo alipuliza pumzi puani, akatutazama kwa muda ambao siwezi kuupima, kisha akageuka akaingia vichakani, na tulisikia matawi yakivunjika mpaka mbali.

"Mzee, unataka tufe?" askari alimwambia, jasho likimtoka chini ya kofia. "Nimesema mara mbili! Mara mbili!"

Baba aliutazama mdomo wake, kisha akatazama chini. "Pole, kijana," alisema. Basi.

Wanja, ambaye alikuwa na miaka minne, alinivuta mkono akaniuliza kama baba haogopi mbogo. Nilikuwa nimefikia uamuzi wangu. Baba alikuwa mtu asiyetii mtu yeyote, si karani wa getini, si askari mwenye bunduki. Alisikia alichotaka kusikia. Siku ile Mama Ciku aliyasema yale maneno yake kule bombani nilikuwa nimeyakataa moyoni. Pale mlimani niliyakubali.

Hatukufika kileleni. Mama alisema miguu yake imekwisha. Tukashuka, tukala muthokoi aliopika mke wa Mutua, yale mahindi yaliyotwangwa na kuchemshwa na maharagwe, na alasiri tukaelekea kwenye maji.

Ngurumo tuliisikia kabla hatujaona chochote. Kwanza nilidhani ni lori. Kisha ardhi yenyewe ikaanza kuniambia kupitia nyayo. Tulipotokea ukingoni, mto wote ulikuwa unaanguka, si mahali pamoja bali mahali pengi sambamba, kila kijito kikijitafutia njia yake kati ya mawe, na chini maji yakichemka na kutoa mvuke uliotulowesha nyuso. Palinuka matope na majani yaliyooza, na kitu kingine kama sabuni. Povu jeupe lilikuwa limekusanyika kwenye vidimbwi vya kando, marundo marundo, likitikisika kwa upepo. Mtu akikwambia kitu pale, ilibidi aweke mdomo ndani ya sikio lako.

Mama alikaa juu ya jiwe kavu ukingoni na kikapu chake. Aliniinamia akaniambia sikioni, "Mshike Wanja. Usimwachilie hata kidogo." Karibu nasi kijana mmoja na msichana wake walikuwa wakipigwa picha, na mpiga picha akiwapangia mabega kwa mikono kwa sababu maneno hayakufaa kitu. Baba na Mutua walivua viatu, wakakunja suruali, wakavuka kwa kurukaruka hadi kwenye mwamba mpana uliokuwa ndani ya maji, chini kidogo ya pale tulipokuwa.

Na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo sikulielewa. Walikuwa wamesimama mbali mbali, mmoja huku na mwingine kule, maji yakipita katikati, na walikuwa wakizungumza. Hawakupiga kelele. Hawakuinamiana masikioni kama sisi wengine. Midomo yao ilisonga, kubwa na taratibu, mkono wa huyu ukigusa kifua, wa yule ukichora kitu hewani, na kila mmoja alimngoja mwenzake amalize ndipo ajibu. Mutua alisema jambo, na baba akacheka hadi akashika magoti. Kisha baba akaanza kusimulia. Alisimulia kwa muda mrefu, baba yangu ambaye nyumbani alisema maneno matatu kwa siku, na Mutua hakuyaondoa macho usoni mwake.

Nilisogea mbele nione vizuri. Nilitaka kujua anasema nini. Nafikiri nilitaka kuona kama ananitaja. Sijui ni wakati gani mkono wa Wanja ulitoka ndani ya wangu.

Yeye alikuwa amevutwa na lile povu. Alituambia baadaye kwamba alitaka kulifua vazi la mwanasesere wake wa vitambaa, kwa kuwa sabuni ilikuwa tele. Alishuka kwenye mawe yaliyolowa, akachuchumaa, akanyoosha mkono, na jiwe likamtupa.

Mama alimwona. Mama alisimama na kupiga ukemi kwa nguvu zake zote. Nilikuwa hatua kama kumi mbele yake, na mimi, mwenye masikio yangu mawili mazima, sikusikia kitu. Wale waliopigwa picha hawakusikia. Mpiga picha hakusikia. Tuliendelea kila mtu na shughuli yake huku mama akiita jina la mtoto wake nyuma ya migongo yetu.

Nilichoona ni uso wa baba ukibadilika. Alikuwa katikati ya neno. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya kichwa changu, yakatua ukingoni, na mdomo wake ukabaki wazi. Hakuuliza kitu. Aliruka majini na suruali yake na koti lake. Maji yalimfika kiunoni, yakamyumbisha, akashika jiwe, akajisukuma mbele, na hapo ndipo nilipoona gauni jekundu la Wanja likija kwa kasi kati ya mawe, limejaa hewa mgongoni. Alilikamata kwa mkono mmoja. Mutua alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, akamshika baba ukosi wa koti, na hivyo ndivyo walivyotoka, wawili wakimvuta mmoja.

Walimleta ukingoni. Mama alifungua leso yake akamfunga nayo, akampiga mgongoni, akampiga tena, maji yakamtoka mdomoni na puani. Uso wake ukajikunja, mdomo ukafunguka, na sikusikia sauti. Nikaanza kupiga mayowe kwamba amekufa. Baba akanishika bega akanigeuzia kwake. "Analia," alisema, akinionyesha kwa kidole. "Mwangalie. Analia. Mzima."

Kisha mama aliniangalia juu ya kichwa cha Wanja. Sikuyasikia maneno yake, lakini niliyaona yote, moja moja: Si nilikuambia umshike?

Tuliondoka pale tukakaa mbali, chini ya miti ambako ngurumo ilikuwa imepungua. Mama alimpakata Wanja. Baba alikwenda kando kukamua koti lake. Mimi nilikaa peke yangu, na Mutua akaja akakaa karibu nami, maji yakimdondoka mikononi.

"Baba amemwonaje?" nilimuuliza. "Hata mimi sikusikia mama akiita."

"Ati nini? Ongea ukiniangalia, mwanangu. Hili sikio la kushoto ni bovu."

Nilirudia.

"Hakumsikia. Ameona mdomo," alisema kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. "Kule kufuma mashine zilikuwa zinalia, zaidi ya haya maji. Ukipiga kelele mwenzako hasikii, kwa hivyo sote tulijifunza kusoma mdomo. Baba yako ndiye alikuwa namba moja. Angeweza kukusoma kutoka upande ule wa ukuta." Alinitazama. "Na sasa hana kingine. Mimi limeniharibika moja. Yeye yote mawili."

Nilimwuliza yameharibika vipi.

"Aii, Njeri. Baba yako hasikii. Hukujua?"

Nakumbuka nilimtazama baba aliyekuwa ametupa mgongo, akikunjua mikono ya koti lake. Nilimwita. Niliita, "Baba." Niliita tena kwa nguvu, hadi Wanja akageuka. Baba aliendelea kukunjua koti.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mama alijua, ila baba alikuwa amemwapisha, kwa sababu msimamizi gani angemchukua kiziwi? Kwa hivyo alikwenda getini kila asubuhi akasimama akiutazama mdomo wa karani, na karani alisoma majina akiwa ameinamia karatasi.

Jioni tukirudi kwa Mutua, baba alitembea nyuma ya wengine, nguo zikimganda mwilini. Nilipunguza mwendo hadi akanifikia. Kisha nikapita mbele yake, nikasimama njiani, nikainua uso.

"Baba, redio imeharibika," nilisema. "Niliiangusha kwa maji."

Aliutazama mdomo wangu. "Rudia. Polepole."

"Redio. Hailii. Ni mimi niliiharibu."

"Lini?"

"Kitambo. Kabla shule zifungwe."

Niliona akihesabu zile jioni. Aliketi juu ya ukingo wa mfereji uliokauka kando ya njia, mikono juu ya magoti. Nilidhani sasa kitakuja kile kiboko nilichokingoja mwezi wote.

"Na mimi nilikuwa nimekaa nayo hapo mlangoni," alisema mwishowe. "Kila siku. Ukiniona ulikuwa unafikiria nini?"

"Kwamba unajua. Kwamba umenikasirikia ndio maana huniongeleshi."

Alifumba macho, na alipoyafumba nilijua kwamba simfikii tena, kwamba hata nikisema nini niko nje. Nilingoja ayafumbue.

"Mimi niliona mdomo wako umeacha kusonga," alisema. "Ukiniletea chai, mdomo umefungwa. Nikajua umeambiwa na watu. Nikasema moyoni, huyu sasa ameona aibu kuwa na baba asiye na kazi."

Nilitikisa kichwa kukataa. Alinivuta akaniweka kifuani, kwenye lile koti lililolowa, likinuka mto na, chini yake bado, mafuta ya mashine. Tulikaa pale mpaka Mutua akarudi kututafuta.

Ningependa kusema kwamba baada ya siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka upesi. Jumatatu baba alikwenda getini akamwambia karani ukweli, kwamba hasikii, na akamwomba amwonyeshe kwa mkono akifika kwenye jina lake. Karani alimwelewa vizuri sana. Wiki iliyofuata jina lake halikuwa kwenye karatasi, wala wiki zilizofuata. Mama alizidi kuchelewa sokoni. Mwaka ule sikununuliwa viatu, na Wanja alianza nasari kwa sweta langu kuukuu. Kuna siku nilimkuta baba amekaa kitandani mchana, viatu miguuni, akitazama ukuta, nami nikakaa karibu naye nikautazama pia.

Karibu na Krismasi, mzee mmoja mwenye kinu cha posho kule barabarani alimwita. Msagaji wake alikuwa amehama. Alimwambia baba, kwa ishara na kwa mdomo, kwamba humo ndani injini ikishawaka hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hivyo yeye haoni tofauti. Baba akaanza kazi siku hiyo hiyo. Wateja walizoea kumgusa mkono na kuonyesha kwa vidole ni gorogoro ngapi, yale makopo ya kupimia mahindi. Alirudi nyumbani jioni akiwa mweupe wa unga, na mama akamngoja mlangoni na kitambaa. Alikaa kwenye kinu kile miaka kumi na minane.

Lakini kanisani bado alikuwa hajasema. Huko ndiko alikoona aibu zaidi, kwa sababu ndiko alikojulikana zaidi. Kila Jumapili aliinuka watu walipoinuka na kuketi walipoketi, akishika kitabu cha nyimbo bila kufungua mdomo. Alingoja hadi Jumapili ya shukrani ya mavuno, wakati watu wanapewa nafasi kusimama kushukuru. Mwanamke mmoja alishukuru kwa mjukuu. Kijana mmoja alishukuru kwa kupona. Halafu baba akasimama. Mama alimtazama kwa mshtuko. Hakuwa amemwambia hata yeye.

"Bwana asifiwe," alisema, kwa sauti kubwa mno, maana hakuweza kuipima. Watoto wachache walicheka, wakanyamazishwa.

"Amen," watu waliitikia.

"Mnanijua. Wengine wenu mmenisalimia njiani nikawapita. Sikuwapita kwa dharau. Mimi sisikii. Ni miaka mitatu sasa. Nashukuru Mungu kwa huyu mtoto, Wanja, tungekuwa tumemzika. Nashukuru kwa kazi. Mkitaka kuniambia kitu, tafadhali, njooni mbele yangu mnitazame."

Akaketi. Mwimbishaji, mama mnene aliyekuwa akiimbisha tangu kabla sijazaliwa, akaanzisha wimbo, na watu wote wakainuka.

Sikuimba na wengine. Niligeuka nikasimama juu ya benchi ili uso wangu ulingane na wa baba, nikautamka ule wimbo kwa mdomo bila sauti, neno kwa neno. Aliutazama mdomo wangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akaimba. Hakuyapata mahadhi yake hata kidogo. Na kwa kuwa ilibidi kwanza aone neno ndipo alitoe, alikuwa nyuma yetu mstari mzima.

Wimbo ukaisha. Watu wakanyamaza, naye akaendelea. Mwimbishaji alikuwa ameinua mkono ili waketi, lakini hakuushusha. Kanisa zima lilisimama vile, bila mtu kukohoa, sauti ya baba peke yake ikipita kwenye mabati, mbovu na kubwa, hadi akafika mwisho wa mstari na kuutazama mdomo wangu kuona kama kuna neno lililobaki.